Mwalimu Arudipo Darasani

Mariakani ni mji wa mizani. Malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, na mengine kupita Nairobi hadi Uganda na nchi zilizo mbele yake, hufika hapa yakaiacha barabara kuu, yakapanda juu ya mizani na kupimwa. Mizani haitazami rangi ya lori wala haiulizi jina la mwenyewe. Huuliza jambo moja tu: mzigo huu una uzito gani? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka 18 nimefundisha mahali ambapo ngurumo za malori hayo huingia darasani kabla ya kengele ya kwanza. Leo naomba ruhusa yako, msomaji, niyapandishe mizanini maneno yasemwayo mjini kwetu, na katika miji mingi mingine, juu ya mwalimu arudiye masomoni akiwa mtu mzima. Nayajua vema maneno hayo, kwa sababu yanasemwa juu yangu.

Mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 46, nilijiandikisha kusomea shahada ya uzamili katika teknolojia ya elimu. Jina hili lisikutishe. Maana yake ni maarifa ya kuchagua, kutengeneza na kutumia vyombo vya kufundishia, tangu ubao na chaki hata redio, kompyuta na intaneti, ili mwanafunzi ajifunze kweli. Masomo yenyewe nayapata usiku na siku za Jumamosi kwa njia ya intaneti, na mchana naendelea kufundisha kama desturi. Habari ilipoenea, mzee mmoja ninayemheshimu aliniita mahali pa kunywea chai akaniuliza mbele za watu, "Mwalimu, si ulisoma ukamaliza, ukapewa chaki? Sasa warudi kuwa mwanafunzi. Je, chaki umeirudisha?" Nilimjibu, "Mzee wangu, chaki ningali nayo." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini njiani kurudi nyumbani sikucheka. Nilitambua kwamba swali lile halikuwa mzaha mtupu. Ilikuwa hukumu ya mji mzima juu ya mwalimu ni nani, na hukumu hiyo si ya haki.

Tulitazame neno la kwanza. Wapo wasemao kwamba mtu mzima hafundishiki. Huishika methali isemayo, samaki mkunje angali mbichi, wakaifanya sheria. Methali ni nzuri, lakini itazame sana. Samaki akunjwaye amekwisha kufa. Akikauka hakunjiki tena kwa kuwa hana uhai wa kumlainisha. Mwanadamu aliye hai hafanani na samaki huyo. Akili yake hukauka pale tu anapoacha kuitumia, na mwalimu aliyeacha kujifunza ndiye aliyejianika juani kwa mikono yake mwenyewe.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali nasi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa amepita umri wa miaka 30, na mwaka 1846 akaweka makao Rabai, mwendo mfupi kutoka Mariakani. Alikuja kufundisha dini yake, lakini ilimlazimu kwanza kuketi na kufundishwa lugha na wenyeji. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na hata leo wachunguzi wa lugha huirejea. Julius Nyerere alikuwa amehitimu ualimu Makerere na kufundisha Tabora kabla hajasafiri kwenda Edinburgh mwaka 1949 kuwa mwanafunzi tena. Mwaka 1952 alipata shahada yake, akarudi kufundisha Pugu. Waliomwita Mwalimu maisha yake yote hawakumvua jina hilo kwa sababu aliwahi kuiweka chaki chini. Nelson Mandela naye alipata shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 70 na angali mfungwa, kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Ikiwa kifungo na mvi havikumzuia mtu yule, ni kitu gani kimzuiacho mwalimu aliye huru, mwenye taa na meza?

Pengine utasema kwamba hao ni watu mashuhuri, na mambo ya mashuhuri si kipimo cha watu wote. Basi nitakupa walimu wasio na jina. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, shule ziliongezeka upesi kuliko walimu waliofunzwa. Mwishoni mwa miaka ile ya 1960 chuo kikuu cha Nairobi, kwa ofisi yake iliyokuwa Kikuyu, kilianza kuwafundisha walimu wa shule za msingi kwa posta na redio. Mwalimu aliyekuwa mbali kijijini alipokea kitabu, akasikiliza somo katika redio, akaandika majibu yake na kuyatuma kusahihishwa, na wakati wa likizo akakutana na wakufunzi uso kwa uso. Asubuhi aliwaita watoto majina, jioni yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Kwa njia hiyo maelfu ya walimu walijiongezea elimu bila kuyaacha madarasa yao matupu. Kwa hiyo jambo nilifanyalo si geni katika nchi hii. Watu wamelisahau tu.

Neno la pili ni zito zaidi, kwa maana husemwa na watu wenye madaraka. Husema, "Vyombo vimekwisha kuletwa shuleni, na watoto wa siku hizi wamezaliwa wakivijua. Mwalimu ana haja gani ya kwenda kusoma?" Neno hili nitalipima polepole.

Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza nchini Kenya waliahidiwa kompyuta. Tangu mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tabuleti, na hatimaye zaidi ya milioni 1 zilifika katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Nia ilikuwa njema, wala siilaumu. Lakini nitakueleza nililoliona kwa macho yangu katika shule moja ambayo sitaitaja. Masanduku yalipofika yalipokewa kwa nyimbo. Yakafunguliwa, yakahesabiwa, yakatiwa katika chumba chenye mlango wa chuma, na mlango ukafungwa. Kila mmoja aliogopa kuharibu mali ya serikali. Ufunguo haukuwa mkononi mwangu, lakini siwezi kujitoa katika lawama. Mimi nilikuwa miongoni mwa walimu waliofurahi kimoyomoyo kuona mlango ule umefungwa, kwa sababu usingefungwa, wanafunzi wangegundua kwamba mwalimu wao hajui.

Hofu hiyo nilikuja kuilipia. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa machache yalirudi Oktoba, na yaliyobaki hayakurudi hata Januari 2021. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, lakini nyumba nyingi za kwetu hazikuwa na televisheni, na redio haikuwezi kumwuliza mtoto wapi amekwama. Siku moja msichana wa darasa langu, hodari wa hesabu, alikuja mlangoni kwangu ameshika simu ya mama yake. Akaniomba niwe namtumia masomo kwa simu ile. Nilikuwa na simu yangu, nilikuwa na vitabu, na muda nilikuwa nao tele. Kitu kimoja tu sikuwa nacho, nacho ni ujuzi wa kulifanya somo liwe somo ndani ya simu. Nilimwandikia hesabu 10 katika karatasi, nikamwambia arudi akizimaliza. Hakurudi. Shule zilipofunguliwa mahali pake palikuwa patupu, nikaambiwa kwamba amekwenda Mombasa kutumika katika nyumba za watu.

Sisemi kwamba simu ingemwokoa. Umaskini una meno mengi, na simu haiwezi kuyang'oa yote. Lakini najua kwamba mtoto yule alinyosha mkono, na mimi sikuwa na kitu cha kuweka juu yake. Tangu siku ile, kila nisikiapo kwamba vyombo vimeletwa na mambo yamekwisha, nakumbuka karatasi yangu ya hesabu 10.

Tena chukua mfano mwingine, uone tofauti kati ya chombo na ujuzi. Kati ya mwaka 1980 na 1985 kulikuwako nchini Kenya mradi wa kuwafundisha watoto wa madarasa ya kwanza Kiingereza kwa redio. Redio haikuwa kitu kipya wakati huo, wala haikuwa chombo cha ajabu. Uzuri wa mradi ulikuwa katika kimya. Sauti ya redioni iliuliza swali, kisha ikanyamaza kwa muda uliopimwa. Watoto darasani wakajibu kwa pamoja. Halafu sauti ikarudi na kutamka jibu sahihi, na kila mtoto akajua papo hapo kama amepata au amekosa. Kimya kile hakikutengenezwa kiwandani. Kilipangwa na watu waliojua mtoto huhitaji muda gani wa kufikiri, na aambiwe lini kwamba amekosea. Hiyo ndiyo teknolojia ya elimu. Ni elimu ya kimya kile, na bila hiyo redio ni kelele, na tabuleti ni kioo cha kujitazamia.

Neno la tatu lina sura mbili. Wengine hudai kwamba vyombo vitamfukuza mwalimu, kwa hiyo mwalimu avisomeaye anajichimbia kaburi. Wengine hudai kwamba vyombo huwafanya watoto wavivu, kwa hiyo afadhali tuviache. Hofu hizi ni za kale. Katika kitabu kimoja cha Plato, Socrates huhofia kwamba maandishi yatawafanya watu wasahaulifu, kwa kuwa watategemea alama za nje badala ya kumbukumbu zao. Hofu yake haikuwa ya kipumbavu. Lakini dawa yake haikuwa kuyatupa maandishi, bali kuwafundisha watu kusoma kwa kufikiri. Na sisi twaijua hofu ya Socrates kwa sababu tu mwanafunzi wake aliiandika.

Kuhusu mwalimu kufukuzwa, tazama yaliyotokea. Mwezi wa Julai mwaka 2020 kampuni iitwayo Loon ilianza kuirushia Kenya intaneti kutoka kwa maputo makubwa yaliyoelea juu sana angani. Watu walishangaa, na walikuwa na haki ya kushangaa. Januari 2021 kampuni hiyo ikatangaza kwamba inafungwa, na maputo yakaondoka. Mwezi ule ule watoto walirudi shuleni, na aliyewapokea mlangoni alikuwa mwalimu. Au mtazame Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyepewa mwaka 2019 tuzo ya mwalimu bora duniani ya dola milioni 1. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti isiyotegemeka. Alikwenda mwenyewe kwenye maduka ya intaneti kutafuta mambo ya kuwafundishia wanafunzi, na wanafunzi hao walishindana katika maonyesho ya sayansi na kushinda. Ukihesabu vyombo, shule ile ilikuwa maskini. Ukimhesabu mwalimu, hesabu inabadilika.

Limebaki neno la nne, nalo ni neno la fedha. Hili silidharau. Nina binti aliye kidato cha pili, na karo yake hainingojei. Wapo wanaoniambia kwamba baba mwenye akili hutoa elimu kwa mtoto kwanza, na kwamba kusoma uzeeni ni anasa. Nimejibu kwa matendo. Karo ya binti yangu sijaigusa. Nyumba niliyokuwa nikiijenga ndiyo iliyosimama, na kuta zake sasa zimeota majani. Huenda mke wangu ana haki ya kulalamika kuliko majirani wote, lakini yeye ndiye asemaye kidogo. Walakini namwuliza anitukanaye: kwa nini shule hupata fedha za masanduku na mlango wa chuma, lakini mwalimu akitaka kujua yaliyomo masandukuni ajilipie kwa tofali za nyumba yake?

Husemwa pia kwamba mwalimu akipata shahada ya juu huikimbia chaki, akaenda kutafuta ofisi mjini. Hapa, msomaji, sharti niseme kweli hata kama inanichoma: neno hili lina uzito. Nimewaona waliosoma hivyo, wakarudi siku moja tu kuchukua mizigo yao. Shahada ya namna hiyo ni deni lisilolipwa. Lakini ubaya wa baadhi hauwi sababu ya kuufunga mlango kwa wote. Dawa ni sharti: mwalimu asaidiwe kusoma, naye afungwe kwa ahadi ya kufundisha miaka kadhaa pale pale alipotoka, na kuwafundisha walimu wenzake yale aliyojifunza. Mimi nimekwisha kuianza ahadi hiyo kabla ya kuombwa. Kila Ijumaa jioni tunaketi walimu wanne na kompyuta moja. Hatujui mengi, lakini mlango ule wa chuma hauna tena kutu katika bawaba zake.

Basi sasa mizigo yote imepimwa. Maneno yaliyokuja na ngurumo kubwa yameonekana kuwa mepesi, na lile moja lenye uzito tumelipatia sharti lake. Nami nina madai yangu, nayasema waziwazi ili nayo yapimwe. Kwanza, shule isipokee sanduku la vyombo kabla walimu wake hawajafundishwa kuvitumia, si kwa semina ya siku mbili yenye chai na mandazi, bali kwa muhula mzima wa kujaribu na kusahihishwa. Pili, mwalimu asomaye kwa faida ya wanafunzi apewe nafasi na msaada, na yeye adaiwe matunda. Njia zenyewe sasa zipo. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria chake kwa sheria ya mwaka 1992, na Kenya ikakipa chake hati mwaka 2023. Mwalimu wa Mariakani, wa Kaloleni au wa Bamba anaweza kusoma bila kuliacha darasa lake. Tatu, tuache kumcheka. Kicheko hakigharimu kitu kukitoa, lakini kimewafunga midomo walimu wengi ambao wangependa kuuliza. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga. Na mwalimu anayelazimishwa kuuficha ujinga wake hataupata ujuzi wa kumpa mwanao.

Wewe usomaye kurasa hizi pengine una miaka 15 au 16. Usidhani kwamba shauri hili ni la wazee. Siku nilipoanza masomo sikujua hata namna ya kuipeleka kazi yangu chuoni. Nilikwenda katika duka dogo la kompyuta karibu na stendi, nikamkuta mwenye duka ni kijana niliyemfundisha. Zamani nilimwita mzito, tena mbele ya wenzake. Aliniketisha, akasimama nyuma ya bega langu, akasema, "Mwalimu, bonyeza hapa. La, si hapo, Mwalimu. Hapa." Nilikosea mara tatu, na mara zote tatu alinielekeza kwa sauti ile ile, bila kunicheka na bila kunihimiza. Nilipouliza bei alikataa fedha. Nilitoka pale nimejifunza mambo mawili, na moja halikuwa la kompyuta. Nilijua kwamba kijana yule ana subira ya mwalimu ambayo mimi sikuwa nayo nilipomfundisha.

Ndiyo maana nakuomba, kijana. Ukimwona mwalimu wako ameinama juu ya daftari, au amekwama mbele ya kioo cha kompyuta usiyoiogopa wewe, usimtazame kama mtu aliyeanguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye anainama kwa ajili yako. Unalolijua mwonyeshe kwa adabu. Usilolijua kaa ulitafute pamoja naye. Siku yako ya kurudi darasani itafika nayo, maana vyombo vya leo vitazeeka kabla yako wewe hujazeeka, na utahitaji mtu wa kukuambia, bonyeza hapa, bila kukucheka.

Mtihani wangu wa kwanza ni mwezi ujao. Nikianguka, nitaurudia.